Aru: Kisigino cha kiatu kifungwe kwa skurubu, si kwa gundi peke yake

Majira ya mvua mjini Aru, Jumapili asubuhi, wamama wengi hufika kanisani na viatu vya aina mbili: kandambili miguuni, viatu virefu ndani ya sashe. Karibu na mlango wananawa miguu, wanabadilisha, wanaingia. Mgeni akiona hivyo atasema ni sababu ya matope. Matope yapo kweli, lakini wamama wenyewe wana sababu ya pili ambayo hawaitangazi: wanaogopea kisigino. Kiatu kirefu kikitoka nyumbani kwa miguu, si hakika kwamba kitarudi na kisigino chake.

Watu hucheka mambo haya, na kweli yanachekesha mpaka siku mtu anapoanguka. Mwalimu anayeteguka kifundo cha mguu mbele ya wanafunzi, muuguzi anayemaliza zamu ya usiku na kurudi nyumbani pekupeku, msichana anayekwenda kutetea kazi yake ya mwisho wa masomo huku kisigino kimoja kimelala upande: hao wote wanapoteza zaidi ya kiatu. Na katika nyumba nyingi za Aru kiatu kizuri ni kimoja tu. Hakuna cha pili kinachongoja kabatini.

Kisigino kikikatika, lawama ya kwanza humwendea fundi. Ametia gundi kidogo, amekula pesa ya watu. Lawama ya pili humwendea muuzaji: viatu vya siku hizi ni karatasi. Zote mbili zina ukweli ndani yake, ila hazifiki kwenye mzizi. Kisigino kinakatika kwa sababu watu wote waliokishika, tangu kiwandani mpaka kwenye meza ya fundi sokoni, wamekichukua kama kitu cha kubandikwa mara moja na kusahauliwa. Mwenye pikipiki hafikiri hivyo juu ya breki zake. Anajua zitakwisha, ananunua nyingine, fundi anabadilisha, safari inaendelea. Kisigino nacho kazi yake ni kulika. Kiatu kizuri ni kile ambacho kisigino chake kinaweza kulika na kubadilishwa bila kukiua kiatu chenyewe.

Si wengi wanaopiga hesabu ya mzigo ambao kipande hicho kidogo kinabeba. Mtu akitembea, hatua inaanza kwa kisigino, na kwa muda mfupi karibu mwili mzima uko juu ya mguu mmoja. Mama wa kilo 60 akivaa kiatu chenye ncha ya sentimita moja kwa moja, kilo hizo 60 zinashuka juu ya mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba. Tembo wa Garamba, kule kwa jirani Haut-Uele, anaweza kufikisha kilo elfu nne, lakini nyayo zake ni pana kiasi kwamba akisimama, kila sentimita ya mraba inapata kama kilo moja tu. Kwa hesabu hiyo, mama aliyevaa viatu vyembamba anaibonyeza barabara ya Aru kuliko tembo. Kisigino kipana cha sentimita tatu kwa tatu kinaushusha mzigo uleule mpaka chini ya kilo saba kwa kila sentimita ya mraba.

Na barabara zenyewe kila mtu anazijua. Kiangazi, udongo mwekundu wenye changarawe unasaga kisigino kama msasa. Mvua ikinyesha, udongo uleule unakuwa laini, ncha inazama, mama anaendelea mbele, kisigino kinataka kubaki nyuma. Nguvu yote ya mvutano huo inaishia mahali pamoja, pale kisigino kinapoungana na soli, na hapo ndipo kinang'oka.

Ni vizuri kufungua kiatu na kuangalia ndani. Kisigino kirefu cha siku hizi huwa ni plastiki ngumu iliyofunikwa ngozi au rangi. Hakikufungwa kutoka chini, kama wengi wanavyofikiri. Kimefungwa kutoka ndani: ukiinuliwa ule ukumbi mwembamba ambao kisigino cha mguu hukalia, unaonekana ubao wa karatasi iliyogandamizwa, na misumari michache inayopita katika ubao huo na kuingia katika plastiki. Kiatu cha bei huwa na skurubu nene katikati pamoja na misumari yenye meno, na juu yake bamba jembamba la chuma linalotoka kisiginoni mpaka chini ya unyayo ili kiatu kisijikunje. Kiatu cha rahisi kina misumari myembamba na gundi, basi. Karatasi ile ikilowa mara mbili tatu inavimba, matundu ya misumari yanapanuka, misumari inacheza. Kuanzia hapo kisigino kimekwisha kukatika, hata kama bado kinaonekana kimesimama.

Sasa kiatu hicho kinapelekwa kwa fundi. Fundi anakiona kisigino kimeachana na soli kidogo, anachukua gundi, anapaka kwenye mwanya, anabana, anapiga nyundo mara mbili, anapokea pesa yake. Kesho yake kisigino kiko vilevile. Gundi haikuwa na kosa. Gundi imepakwa mahali ambapo hakuna ugonjwa. Ugonjwa uko ndani, katika lile tundu lililopanuka.

Kazi inayostahili inajulikana, na mafundi wazuri wa Aru wanaijua. Ukumbi wa ndani unainuliwa polepole. Misumari iliyolegea inatolewa yote, siyo kuongezewa mingine pembeni yake. Matundu ya zamani yanajazwa vijiti vya mti na gundi, yanaachwa yakauke. Kisha inatobolewa nafasi ndogo katika plastiki kwanza, kwa keekee au kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, kwa sababu skurubu ikilazimishwa katika plastiki kavu kisigino kinapasuka na hapo hakuna dawa. Halafu inapigwa skurubu nene kuliko msumari wa kwanza, na chini ya kichwa chake kinawekwa kijibamba cha chuma ili kichwa kisikate karatasi na kuzama. Ukumbi unarudishwa, unagandishwa. Hakuna atakayejua kilichofanyika, isipokuwa mwenye kiatu, ambaye atakivaa mwaka mzima. Na siku nyingine kikilegea, skurubu inakazwa au kubadilishwa. Haibomolewi chochote. Skurubu zenyewe hazihitaji safari ya Kampala. Kila seremala wa Aru anazo katika kopo lake.

Kwa nini basi haifanyiki mara nyingi? Jibu moja ni mteja. Kordonye mwenye meza yake pembeni ya soko anafanya kazi huku mwenye kiatu amesimama juu yake, mguu mmoja chini na mwingine hewani kama korongo, akisema ana haraka. Gundi nzuri ya viatu inataka pande zote mbili zisuguliwe kwa msasa, zipanguswe vumbi, zipakwe, ziachwe mpaka zisinate tena kidoleni, kama dakika kumi au kumi na tano, ndipo zigandamizwe kwa nguvu. Nani atangoja dakika kumi na tano? Kwa hiyo fundi anachukua ile gundi ya kichupa kidogo inayokauka kwa sekunde chache. Hiyo inakuwa ngumu kama kioo, na kiatu kinapojikunja inavunjika. Mteja amenunua haraka yake mwenyewe, kisha anamtukana fundi.

Jibu la pili ni bei. Watu wako tayari kulipa kwa kitu wanachokiona: soli mpya, kushona, kupaka kiwi. Skurubu iliyofichwa ndani hawaioni, hawataki kuilipia. Mafundi wenyewe wangeweza kusaidia hapa kwa kumwonyesha mteja ndani ya kiatu chake kabla ya kutaja bei. Mtu akiona kwa macho yake tundu lililopanuka na msumari unaocheza, mazungumzo yanabadilika.

Kuna jambo lingine ambalo halimhitaji hata fundi hodari: ile ncha ya chini, kile kipande kinachogusa barabara. Karibu kila mtu hukanyaga kwa ukingo wa nje wa nyuma, na kipande hicho hulika upande huo kwanza. Kikiachwa, kiatu kinainama, mguu unainama nacho, kisigino kinavutwa upande kwa kila hatua, na misumari ya ndani inaanza kulegea. Mtu anayesema kisigino chake kimekatika ghafla, mara nyingi amekuwa akitembea juu ya ncha iliyokwisha kwa miezi. Kubadilisha ncha ni kazi ya dakika chache na ya pesa kidogo. Kungoja mpaka plastiki yenyewe isagike ni kupoteza kiatu.

Malighafi ya ncha hiyo imejaa Aru. Mji wa pikipiki hauwezi kukosa matairi makuukuu. Afrika Mashariki yote imekwisha kutembea juu ya matairi: Wakenya wana akala zao, Watanzania wanaziita katambuga. Kwa visigino, tairi la pikipiki lina faida juu ya lile la lori, kwa sababu matairi mengi ya lori ya siku hizi yana nyuzi za chuma ndani ambazo hazikatiki kwa kisu na zinachoma, wakati tairi la pikipiki kwa kawaida ni mpira na nyuzi za nailoni tu. Kipande kinachokatwa mahali ambapo meno ya tairi yamekwisha lakini mpira bado mnene, kikasuguliwa, kikapakwa gundi na kupigwa misumari mifupi mitatu au minne yenye vichwa vilivyozama, kinashinda ncha nyingi za dukani. Kwa kiatu cha mwanaume na kwa kiatu cha mama chenye kisigino kipana, hakuna sababu ya kutafuta kitu kingine. Kwa ncha nyembamba mambo ni magumu zaidi, maana kipande kidogo hivyo kinataka kuwa na kijiti chake cha chuma kinachoingia katika tundu la kisigino.

Wazo la kuweka mpira chini ya kisigino si la jana. Humphrey O'Sullivan, mhamiaji kutoka Ireland aliyefanya kazi ya uchapaji kule Lowell, Marekani, alichoka kusimama siku nzima juu ya sakafu ngumu. Inasimuliwa kwamba alileta kipande cha zulia la mpira akawa anasimama juu yake, na wenzake walipozoea kukichukua, akakata vipande viwili vya kadiri ya visigino vyake na kuvipigilia viatuni. Mwaka 1899 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake, na visigino vya raba vikaenea. Mwanzoni mwa karne ya 20, Uingereza kulikuwa hata na visigino vya raba vya duara, vilivyofungwa kwa skurubu moja katikati. Ukingo mmoja ukilika, mwenye kiatu alikizungusha kidogo, na upande mzima ukaja nyuma. Kwa kiatu cha mwalimu anayetembea kilometa kadhaa kwa siku, ni vigumu kufikiria kitu kinachofaa zaidi, na fundi mwenye tairi la pikipiki, kisu kikali na skurubu moja anaweza kukitengeneza leo mchana.

Lakini si kila kiatu kinaokolewa, na fundi mwaminifu anapaswa kusema hapana. Viatu vingi vya mtumba vinavyofika Aru na Ariwara kutoka upande wa Uganda vina soli au visigino vya poliyurethani, ile raba nyepesi kama sponji iliyokaza. Vinaonekana vipya kabisa. Ila poliyurethani nyingi huharibiwa polepole na unyevu wa hewa hata kama kiatu hakivaliwi, na kiatu kilichokaa miaka kadhaa katika kabati ya Ulaya, halafu katika bale, halafu katika ghala lenye joto, kinaweza kuanza kumeguka kama mkate mkavu juma la kwanza la kuvaliwa. Hakuna gundi inayoshika makombo. Mnunuzi anaweza kujikinga kwa kubonyeza kisigino kwa ukucha kabla ya kulipa: kikiacha alama isiyorudi, au kikitoa unga, au kikinata, akirudishe kwenye rundo. Wauzaji hawapendi jambo hilo. Wavumilie.

Kuhusu mitumba, wakubwa wa nchi wameongea sana. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuacha pole pole nguo na viatu vilivyotumika. Ni Rwanda hasa iliyoshikilia uamuzi huo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuingiza nguo zake huko bila ushuru. Kongo imekuwa mwanachama kamili wa jumuiya hiyo tangu Julai 2022, na mjadala utarudi tu. Wote wanaongea juu ya kile kinachopita mpakani. Kinachotokea baada ya hapo, katika miezi mitatu ya kwanza juu ya barabara ya Aru, hakina msemaji. Kiatu kipya cha dukani chenye kisigino cha gundi tupu si bora kuliko mtumba wenye skurubu. Mara nyingi ni kibaya zaidi.

Ufaransa, nchi tajiri inayotupa viatu vyake ndani ya mabale hayo, imeanza kufikiri upya. Tangu mwishoni mwa 2023 mtu anayepeleka kiatu kwa fundi aliyeandikishwa anapunguziwa bei. Serikali ilipotangaza mpango huo ilitaja euro 7 kwa kisigino. Fedha hizo hutokana na michango ya makampuni yanayouza nguo na viatu. Hakuna anayetegemea kwamba Kinshasa italipia visigino vya Aru, wakati kuna barabara, shule na usalama. Ila inachekesha kidogo kwamba Mfaransa anasaidiwa kutengeneza kiatu ambacho, kama angekitupa, kingekuja kukatikia miguuni mwa mtu wa Ituri.

Yapo mambo ambayo hayangoji Kinshasa. Wachuuzi wanaovuka Vurra kwenda Arua, na wale wanaofika mpaka Kampala, hurudi na mamia ya viatu na hawaleti ncha hata moja. Mfuko wa ncha nyembamba za kila kadiri, zenye vijiti vyake vya chuma, haujazi hata kona ya mzigo. Mafundi wakiagiza pamoja, watano au kumi, mchuuzi atakuwa na sababu ya kuuleta. Fundi mmoja mmoja akiomba vipande viwili, hataleta. Ushirika wa namna hiyo hauhitaji muhuri wala ofisi. Mafundi wa pikipiki wanafanya hivyo kwa vipuri vyao, kwa nini wa viatu wasiweze?

Upande wa mafunzo, nchi ina INPP, taasisi iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kutayarisha wafanyakazi. Vijana wanafundishwa ushonaji wa nguo, useremala, umakanika, mambo ya kompyuta. Kazi ya viatu mara nyingi inaachiwa mtu aliyekosa kazi nyingine. Matokeo yake, kijana anajifunza kwa kuangalia mwingine, na kama yule mwingine anajua gundi tu, kijana atajua gundi tu. Juma mbili za mafunzo juu ya kisigino peke yake, jinsi ya kufungua, kujaza, kutoboa, kufunga, zingetosha kubadilisha meza nyingi za soko. Na wanaokusanya ushuru wa soko kila siku wangefikiria pia kuwapa mafundi hao mahali penye paa. Kazi ya gundi haifanyiki chini ya mwavuli uliotoboka, vumbi jekundu likipeperuka kutoka barabarani na kutua juu ya gundi mbichi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni rahisi: wamama waache viatu virefu. Wanaosema hivyo kwa kawaida ni wababa, na viatu vyao wenyewe vimelika upande. Ni kweli kwamba kisigino kipana na kifupi kinafaa zaidi kwa Aru, na fundi anaweza hata kukata kisigino kirefu kipungue kidogo, ingawa akikata zaidi ya sentimita moja au moja na nusu kiatu kinaanza kutazama juu mbele na hakitembeki tena. Lakini mtu ana haki ya kupendeza. Kinshasa, sapeurs hawahubiriwi kuacha viatu vyao vya Weston, wanasifiwa. Na viatu hivyo, pamoja na bei yake kali, vimeshonwa kwa namna ambayo soli na kisigino vinatolewa na kuwekwa vingine mara kadhaa. Mama wa Aru hawezi kununua Weston. Anaweza kupata kisigino kinachofunguka.

Wakati mzuri wa kwenda kwa fundi ni siku kiatu kinaponunuliwa, kabla hakijagusa barabara. Fundi akiinue ukumbi wa ndani, aangalie kama kuna skurubu au la, na aiweke kama haipo. Kisha akate kipande cha tairi, akipigilie juu ya ncha ambayo bado ni safi, ili cha kwanza kulika kiwe ni tairi. Mwenye kiatu aketi chini wakati huo, juu ya kile kibao ambacho kila fundi anacho kwa ajili ya wateja, na aiache gundi ikauke.